Dawa ya magugu imepigwa, magugu bado yapo: kutafuta chanzo kwenye majaruba ya mpunga

Mkulima akipiga dawa ya magugu kwenye majaruba, halafu wiki mbili baadaye akute majani yamesimama, neno la kwanza kumtoka huwa "dawa feki". Kinachofuata ni kununua chupa nyingine. Dawa bandia zipo kweli na zinawatia watu hasara kubwa. Lakini katika majaruba mengi niliyoitwa kuyaangalia, chupa haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye maji, kwenye siku iliyochaguliwa, au kwenye pampu. Na jibu lilikuwa pale pale shambani, kwa sababu magugu hayabaki ovyo ovyo. Kuna yanayobaki kwa mistari, kuna yanayobaki kwenye miinuko tu, kuna aina moja inayobaki wenzake wakafa, na kuna jaruba ambalo yamebaki yote.

Kwa hiyo kabla ya kupiga mara ya pili, ingia jarubani na uangalie yaliyobaki yako wapi, ni ya aina gani, na yana umri gani. Umri unahesabiwa kwa majani. Gugu lenye majani mawili leo si lile ulilolipiga wiki tatu zilizopita. Hilo limeota baadaye, na chanzo chake ni kingine kabisa.

Kwanza ulitambue gugu lenyewe

Dawa za mpunga hazichagui magugu kwa majina ya mtaani. Zinachagua kwa makundi: nyasi, jamii ya ndago, na majani mapana. Majani mapana hayamsumbui mtu kuyatambua. Nyasi na ndago ndizo zinazochanganywa. Ng'oa mmea, zungusha shina katikati ya vidole. Shina la ndago nyingi lina pembe tatu na limejaa ndani. La nyasi ni la mviringo na lina vifundo.

Nyasi inayowadanganya hata wazoefu ni Echinochloa, ile inayofanana na mpunga mpaka ianze kutoa suke. Fungua pale jani linapoungana na shina. Mpunga una kiulimi cheupe chembamba na visikio viwili vyenye vinywele. Echinochloa haina hata kimoja, pamekaa patupu. Wapalizi wafundishwe alama hii mapema, maana nimeona watu waking'oa mpunga na kuacha nyasi, wakiamini wanafanya kazi nzuri.

Siku ya tano na hakuna kilichokufa

Huenda hakuna tatizo. Dawa hazifanani kwa kasi (majina ninayotaja hapa ni ya kiambato kinachoua, siyo ya biashara). 2,4-D hupinda shina na majani ya magugu mapana ndani ya siku moja au mbili, ingawa kufa kwenyewe huchukua wiki na zaidi. Propanili huunguza haraka, kwa sababu inaua pale ilipogusa. Glaifosati inayopigwa kabla ya kulima huhitaji wiki moja hadi mbili, na kwenye baridi zaidi ya hapo. Bispairibaki ndiyo inayowatia watu wasiwasi kuliko zote: gugu huacha kukua siku chache tu baada ya dawa, lakini hubaki la kijani, kisha hugeuka manjano kuanzia kwenye jani changa la katikati, na kufa kabisa huweza kufika wiki ya tatu.

Ng'oa magugu machache uvute jani la katikati. Likichomoka bila kushika na chini yake limeoza au limebadilika rangi, dawa imeingia na inafanya kazi. Subiri. Kupiga tena hapo ni kuuadhibu mpunga bure.

Yamebaki kwa mistari

Mistari iliyonyooka haitengenezwi na gugu wala na dawa, inatengenezwa na mtembeaji. Aliacha nafasi kati ya mpito mmoja na mwingine, au nozeli iliziba upande, au aliishusha mno. Nozeli ya dawa ya magugu inatakiwa itoe dawa kwa umbo bapa, kama upepeo uliofunguliwa. Ile inayotoa umbo la mwavuli imekusudiwa dawa za wadudu na ukungu; kwenye magugu humwaga dawa kwa matone madogo yanayopeperuka, na kuigawa bila usawa.

Ukiwa unaangalia pampu, pima na mwendo wako. Hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote. Pima eneo la mita 10 kwa 10. Jaza maji matupu kwenye pampu hadi alama fulani, piga eneo lote kwa mwendo wako wa kila siku, kisha rudishia maji kwa jagi lenye vipimo hadi alama ile ile. Tuseme umerudishia lita 2. Kwa mwendo huo hekta moja inakula lita 200, na pampu ya lita 16 inatosha mita za mraba 800. Lebo ikisema mililita 250 kwa hekta, kila pampu inapata mililita 20.

Sasa mwangalie jirani anayetembea polepole, aliyerudishia lita 4. Pampu yake inatosha mita za mraba 400 tu, kwa hiyo anapaswa kuweka mililita 10. Akifuata ushauri wako wa 20, ameupiga mpunga wake dozi mbili. Na yule anayekimbia, aliyerudishia lita 1, kwa mililita 20 zile zile anapiga nusu dozi, halafu anarudi kulalamika dawa haina nguvu. "Kifuniko kimoja kwa pampu" kinaweza kuwa sahihi kwa mtu mmoja na kosa kwa wawili. Ndiyo maana kipimo cha kuazima kwa mwingine hakifai, hata kama shamba lake limetakata.

Yamebaki kwenye miinuko

Ukiona mabaka ya magugu na kila baka limekaa pale udongo uliponyanyuka, tatizo ni usawazishaji. Maji ndiyo dawa ya kwanza ya magugu ya mpunga. Mbegu za nyasi nyingi haziwezi kuota chini ya maji ya sentimita 5 hivi yaliyotulia. Mwinuko unaochomoza juu ya maji ni kitalu cha magugu. Dawa ya kuzuia magugu yasiote nayo hufeli pale pale, kwa kuwa inahitaji unyevu ili itandazike juu ya udongo. Msimu huu, piga mabaka yale peke yake au yang'oe kwa mkono. Msimu ujao, baada ya kuvuruga udongo uwe tope, ingiza maji kidogo jarubani na acha maji yakuoneshe miinuko iko wapi, kisha buruta ubao mpaka isionekane. Jaruba kubwa lisilosawazika ni heri ligawanywe mawili.

Yamebaki kila mahali

Hapa vyanzo ni vingi, kwa hiyo anza kwa kujiuliza ulitumia dawa ya namna gani.

Kama ni dawa ya kuzuia magugu yasiote, mfano pretilaklori au butaklori, swali la kwanza ni siku. Dawa hizi huua mbegu inapochipua na mche mchanga sana. Gugu likishafikisha jani la pili, limeponyoka. Muda wake ni siku chache tu baada ya kuvuruga na kusawazisha kwa mara ya mwisho, au baada ya kupandikiza. Mkulima aliyevuruga Jumatatu, akangoja miche mpaka wiki iliyofuata, akapandikiza, kisha akapiga dawa siku ya nne baada ya kupandikiza, ataapa kwamba alipiga siku ya nne kama alivyoambiwa. Magugu yake yalianza kuhesabu siku tangu Jumatatu ile.

Swali la pili ni maji. Baada ya dawa hizi, maji machache yanatakiwa yabaki yametulia jarubani kwa siku tatu hadi tano. Ukifungua mlango wa maji siku inayofuata, dawa imeondoka nayo. Imekwenda kwa jirani au mtoni, ambako butaklori na pretilaklori ni sumu kwa samaki. Panya na kaa waliotoboa kingo hufanya kazi hiyo hiyo bila wewe kujua, hivyo zunguka kingo kabla ya kupiga dawa. Tena, usiingie kutifua udongo siku hizo. Dawa imetanda kama ngozi nyembamba juu ya tope, na kila unyayo ni tundu la gugu kutokea.

Kama ni dawa inayopigwa juu ya majani, mambo ya maji yanageuka. Hapo maji yanapaswa kutolewa kabla ya kupiga, ili angalau theluthi mbili za gugu zionekane. Dawa haiwezi kuingia kwenye jani lililozama. Nimeshika magugu yaliyokufa ncha na kuwa mabichi chini, na mpaka kati ya sehemu hizo mbili ulikuwa sawa kabisa na kina cha maji ya siku ile. Halafu, baada ya siku moja hadi tatu, maji yarudishwe, sentimita 3 hadi 5, na yakae. Wengi hutoa maji vizuri na kusahau kuyarudisha. Tope lenye unyevu na jua ndicho kitanda ambacho mbegu zilikuwa zinakisubiri, na kizazi kipya cha magugu hutoka chote kwa pamoja. Kama huna uhakika wa kupata zamu ya maji ndani ya siku tatu, ahirisha kupiga dawa.

Ukubwa wa gugu ni chanzo kingine kikubwa. Dawa nyingi za majani zinataka gugu lenye majani mawili hadi manne. Nyasi iliyoanza kutoa machipukizi hudumaa kwa dawa, hunyauka kidogo, kisha huinuka. Kuongeza dozi ili kufidia kuchelewa huumiza mpunga kabla ya kuua nyasi. Hapo mkono au kipalizi cha kusukuma kati ya mistari kinashinda dawa yoyote.

Mvua nayo ichunguzwe: dawa nyingi za majani zinahitaji saa nne hadi sita bila mvua, na lebo ndiyo inayosema kamili. Kwa glaifosati, ongeza swali la maji uliyochanganyia. Ukichota maji ya tope mferejini, dawa hujishika kwenye udongo ulioelea ndani ya pampu na kuacha kufanya kazi kabla hujaanza kutembea. Vivyo hivyo kwa magugu yaliyopakwa matope au vumbi.

Ukishapita maswali haya yote na kila kitu kilikuwa sawa, hapo ndipo ishuku chupa. Angalia tarehe ya kuisha, kifuniko kilichofunguliwa, lebo isiyosomeka, dawa iliyoganda au kujitenga na isiyochanganyika hata ikitikiswa. Tunza chupa na risiti, maana bila hivyo malalamiko yako hayana pa kushikia.

Yamekufa yote isipokuwa aina moja

Mara nyingi ni kwamba dawa haikukusudiwa aina hiyo. 2,4-D huua majani mapana na baadhi ya jamii ya ndago, lakini nyasi haiguswi. Sihalofopu na fenoksapropu huua nyasi tu. Bentazoni ni ya ndago na majani mapana. Bispairibaki hushika makundi yote matatu kwa upana wake, lakini Leptochloa, nyasi yenye suke jembamba lenye matawi kama nyuzi, huipita bila shida. Jaruba lililopigwa bispairibaki miaka mitatu mfululizo huweza kugeuka shamba la Leptochloa, na mwenyewe asielewe ilikotoka.

Kuna pia kosa la kuchanganya. Mtu anatia sihalofopu na 2,4-D kwenye pampu moja ili amalize nyasi na majani mapana kwa siku moja. Majani mapana yanakufa, nyasi inabaki, kwa sababu 2,4-D inapunguza nguvu ya dawa ile ya nyasi. Zipigwe kwa siku tofauti, kwa nafasi ambayo lebo imetaja.

Lakini ikiwa dawa imeandikiwa gugu hilo, ulipiga kwa wakati, na magugu mengine yenye umri ule ule yamekufa, chunguza usugu, yaani gugu kuacha kuuawa na dawa iliyokuwa ikiliua. Dalili yake iko wazi ukijua kuitafuta: mmea uliokufa na mmea wa aina ile ile ulio hai wamesimama bega kwa bega, walipigwa kwa mpito mmoja. Usugu hauanzi shamba zima. Huanza na mimea michache, ikazaa mbegu, na msimu unaofuata kuna baka, kisha jaruba. Echinochloa na Cyperus difformis (ya jamii ya ndago) ni miongoni mwa magugu ya mpunga ambayo usugu wake umethibitishwa katika nchi mbalimbali.

Kubadili jina la dawa hakusaidii ikiwa kundi ni lile lile. Kundi hapa ni la dawa, siyo la magugu: dawa zinazoua mmea kwa njia moja hupewa namba moja. Bispairibaki, penoksulamu na bensulfuroni zina majina na chupa tofauti, lakini zote zinashambulia kimeng'enya kimoja ndani ya mmea, na zote ni za kundi la 2. Sihalofopu na fenoksapropu ni kundi la 1, 2,4-D ni la 4, pretilaklori ni la 15. Lebo nyingi siku hizi zinaandika namba ya kundi; isome kabla ya kusoma jina. Na ile mimea michache iliyopona, ing'oe kwa mkono kabla haijatoa mbegu, hata kama ni kumi tu. Hasa kama ni kumi tu, kwa sababu mwakani hutaweza kuihesabu.

Yalikufa, yakarudi

Chimba. Ukikuta kiazi kidogo cheusi au mzizi unaotambaa chini, hilo ni gugu la kudumu, na dawa iliyochoma majani haikufika shina la chini. Ndago ya viazi, Cyperus rotundus, haipendi maji yaliyotuama. Ukiiona kwa wingi, jaruba lako linakauka mno. Usipokuta chochote chini, basi ni magugu mapya, na sababu ni nafasi. Mpunga uliopandwa mbali mbali au wenye mapengo huchelewa kufunika udongo, na jua linalofika kwenye tope huamsha mbegu. Kipindi cha kulilinda jaruba ni takribani siku 40 za mwanzo tangu kupandikiza, na kwa mpunga uliopandwa kwa mbegu moja kwa moja ni kirefu zaidi, kwa kuwa unaanza mbio sawa na gugu.

Mpunga wenyewe umeumia

Umanjano mwepesi wa jaruba zima siku chache baada ya bispairibaki kwa kawaida huisha ndani ya wiki moja au mbili. Weka maji, usiongeze dawa nyingine.

Majani yaliyojikunja kama bomba la jani la kitunguu, machipukizi yaliyolala na mashina yanayokatika ni kazi ya 2,4-D iliyopigwa mapema mno. Ikipigwa kuchelewa, mpunga ukiwa umeshaanza kuunda suke tumboni, huoni kitu mpaka masuke yatoke yakiwa na mapepe, yaani punje tupu. Nafasi salama ni baada ya mpunga kuchipua vizuri na kabla ya suke kuanza kuundwa. Upepo nao ni hatari: nyanya, maharage na pamba ya jirani huharibika kwa mvuke na matone madogo sana ya dawa hii. Piga asubuhi pakiwa pametulia, na pampu ya 2,4-D isitumike kwa mazao hayo hata ikisuuzwa, maana hung'ang'ania kwenye mpira wa bomba.

Majani yaliyoungua kama yamepitiwa na moto baada ya propanili yana hadithi yake. Mpunga unaivumilia propanili kwa sababu majani yake yana kimeng'enya kinachoivunja. Dawa za wadudu za jamii ya oganofosfati na kabamati hukizuia kimeng'enya hicho, na mpunga unabaki bila kinga. Kwa hiyo muulize aliyepiga dawa ya wadudu ni lini alipiga. Kati ya dawa hizo na propanili ziachwe siku 14 hivi, kabla na baada.

Mbegu iliyomwagwa ikafa inapochipua, angalia kama pretilaklori uliyotumia ilikuwa na kinga ya mpunga iliyochanganywa humo. Kwa miche ya kupandikiza dawa isiyo na kinga hiyo inafaa. Kwa mbegu ya kumwaga inaua.

Na wewe mwenyewe usiumie. Vaa glavu, buti, mikono mirefu na kitu cha kufunika uso, piga huku upepo ukikupa mgongo, na usizibue nozeli kwa mdomo. Chupa tupu isuuzwe mara tatu, maji yake yarudi kwenye pampu, kisha itobolewe ili mtu asije akaiwekea maji ya kunywa.

Gugu ni mpunga

Mmea una kiulimi na visikio, lakini ni mrefu kuliko wenzake, unapukutisha punje kabla ya mavuno, na punje ukizimenya mara nyingi ni nyekundu. Huo ni mpunga mwitu. Kwenye mbegu za kawaida hakuna dawa utakayopiga juu ya majani ikaua mpunga mmoja na kuuacha mwingine. Zipo mbegu zilizozalishwa kuvumilia dawa za kundi la 2, ila uvumilivu huo umeshahamia kwenye mpunga mwitu kwa uchavushaji pale zilipotumiwa bila kupumzishwa.

Kinachobaki ni kuutega kabla ya kupanda. Lainisha jaruba mapema, ulilowanishe na uache mbegu zote zilizoko juu ziote kwa wiki mbili au tatu. Piga glaifosati, au zivuruge ndani ya tope, na kama muda unaruhusu rudia mara ya pili. Baada ya hapo usilime kwa kina, usije ukapandisha mbegu nyingine juu. Pandikiza kwa mistari kwenye maji yaliyotuama. Chochote kitakachoota nje ya mstari ni mgeni, kinang'olewa. Kama mpunga mwitu wako ni ule wa kudumu wenye mizizi mirefu ya kutambaa, lima kiangazi na uiache mizizi ikaukie juani. Na mbegu unayoiweka akiba kwa ajili ya msimu ujao, mwaga kiganja kimoja juu ya kitambaa cheupe na uimenye punje kwa punje. Ukikuta hata moja nyekundu, gunia hilo ni la kula.